Soda ya Dola Mbili na Mikono Inayoiuza

Katika NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, mapumziko ya katikati ya mchezo huchukua takriban dakika 13. Maelfu ya watu huinuka vitini kwa mpigo mmoja, wengine wakikimbilia msalani, wengine kaunta za chakula. Mhudumu akitumia dakika nzima kwa kila mteja, atawahudumia 13 tu. Wa 14 ataikosa robo ya tatu ikianza, au atarudi kitini mikono mitupu. Kwa hiyo mageuzi ya bei yaliyofanyika Atlanta mwaka 2017, ambayo wengi waliyasifu kama ukarimu wa tajiri, mimi nayasoma kwanza kama mabadiliko ya namna mhudumu anavyofanya kazi.

Arthur Blank, mmiliki wa klabu ya Atlanta Falcons na mmoja wa waanzilishi wa maduka ya Home Depot, alifungua Mercedes-Benz Stadium, uwanja wa watu takriban 71,000, kwa bei zilizowashangaza wamiliki wenzake. Mkate wa soseji dola 2. Bisi dola 2. Kipande cha piza dola 3, bia dola 5. Soda dola 2, na ukiimaliza unajaza tena bure. Kodi ilikuwa imeshaingizwa humo humo, hivyo hakuna senti za kutafutia chenji.

Bei hizo zisingewezekana kwa mkataba wa kawaida. Kwa desturi ya viwanja vya huko, kampuni ya chakula hupewa haki ya kuuza, huilipa klabu kamisheni nono kutokana na mauzo, kisha hufidia kwa kumkamua shabiki. Anayetupiwa maneno ni mhudumu, ambaye bei hakuipanga na faida haigusi. Kule Atlanta klabu iliishika biashara yenyewe ikapanga bei, na kampuni ya Levy ikawa mwendeshaji.

Sasa tazama mikono. Kuuza soda kwa utaratibu wa zamani ni kuchukua kikombe, kuteka barafu, kumimina, kungoja povu litulie, kuongeza, kufunika, kutoa mrija, kupokea pesa na kuhesabu chenji. Utaratibu mpya: mhudumu anapokea malipo, anakabidhi kikombe kitupu, basi. Mteja anakwenda kujimiminia kwenye mashine zilizowekwa nje ya foleni. Klabu haipotezi kitu cha maana, maana soda yenyewe gharama yake ni ndogo mno. Hata katika hesabu za vibanda vingi vya viwanjani kinachohesabiwa ni vikombe: vilivyoingia asubuhi, vilivyobaki jioni, na tofauti yake lazima ilingane na mauzo. Shabiki akijaza mara nne, kitabuni bado ni kikombe kimoja.

Bia ndiyo inayokataa njia ya mkato. Lazima mhudumu aangalie kitambulisho na kuhakikisha mnywaji ametimiza miaka 21, tena amkatalie aliyekwisha kulewa, katikati ya kelele na foleni inayomsukuma. Ni kazi inayotaka utulivu na ujasiri, nayo si ya kuachiwa mashine ya kujihudumia peke yake.

Baada ya msimu wa kwanza klabu ilitangaza kwamba chakula kilikuwa nusu ya bei ya Georgia Dome, uwanja wao wa zamani, lakini kila shabiki alitumia kwa wastani asilimia 16 zaidi. Mashabiki pia walianza kuingia mapema, na hilo kwangu ni kubwa kuliko asilimia zenyewe: aliyekula kabla ya mchezo hasimami kwenye foleni ya mapumziko. Baadaye mkate wa soseji ukashushwa hadi dola 1.50. Machi 2019 uwanja ukaacha kabisa kupokea pesa taslimu, ukaweka mashine za kugeuza noti kuwa kadi kwa wasio na benki, na senti 50 za bei hiyo hazikumsumbua mtu wa kaunta.

Linalonikera ni kwamba hesabu hizi zinaishia kwa shabiki na klabu. Bei ikishuka nusu na matumizi yakapanda, maana yake ni mikate mingi zaidi, trei nyingi zaidi, masanduku mengi zaidi kutoka stoo, na yote hupita kwenye mikono ya watu wanaoitwa siku za mechi tu. Filimbi ya mwisho ikilia wao bado wanasugua majiko na kuhesabu vikombe. Asilimia 16 hiyo ni jasho lao pia, nami ningependa kuiona ikisomwa kando ya malipo yao ya saa.

Somo hili linatuhusu sisi pia: mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zinaandaa Afcon, na Uwanja wa Benjamin Mkapa pekee unabeba watu 60,000. Mapumziko ya soka ni dakika 15. Anayeandika zabuni ya chakula asianze na orodha ya vyakula. Aamue kwanza nani anapanga bei, halafu asimame nyuma ya kaunta na saa mkononi, apime mhudumu mmoja anamaliza wateja wangapi ndani ya dakika hizo.