"Then" ya Mtoto Inatoka Wapi

Chukua aya ya Kiingereza ya aina ambayo mwalimu wa darasa la tano Tanga au Mombasa ameshaisahihisha hadi kuchoka: "My sister went to the well. Then he took the bucket. Then the bucket fell on the pot. Then it broke." Kalamu nyekundu inajua pa kwenda. "He" inakatwa, "then" zote tatu zinazungushiwa duara.

Lakini msikilize mtoto huyohuyo akisimulia kwa Kiswahili: dada alikwenda kisimani, akachukua ndoo, ndoo ikaangukia mtungi, ukapasuka. Kisa chote kimeshonwa na -ka-, na sikio halichoki kwa kuwa uzi umefichwa ndani ya kitenzi. Kiingereza hakina kiambishi cha kazi hiyo, basi mtoto akaitafutia -ka- yake pa kukaa, akapata "then". Mfuatano anaujua vizuri sana.

Halafu ile "it". Kimevunjika nini? "Ukapasuka" humaliza shauri: u- ni ya mtungi, ingekuwa ndoo, tungesikia "ikapasuka". Kiingereza kina "it" moja tu kwa ndoo, mtungi na kisima chenyewe. Aliyelelewa na ngeli amezoea kitenzi kimtajie mwenyewe. Na "he" imeingia kwa mlango uleule, maana kwetu yeye ni yeye, awe dada au kaka.

Mwaka 1976 wanaisimu Halliday na Hasan waliugawa mshikamano wa matini za Kiingereza katika aina tano: urejeleo, ubadala, udondoshaji, viunganishi na msamiati. Shuleni tumeng'ang'ania ya nne, watoto wakariri "moreover" na "however". Ya tano tunaiadhibu: "bucket" ikitajwa mara mbili, mwanafunzi anaambiwa atafute kisawe. Kisawe cha ndoo, jamani! Kurudia jina la kitu ni gundi halali. Upungufu wa aya hii uko kwenye vitenzi, "went", "took", "fell", vinavyofaa kisa chochote kile, na ndoo haina hata kamba wala maji karibu yake.

Mpe mtoto vitenzi vitatu, "lift", "slip" na "crack", pamoja na "as", kisha mwache aandike upya: "As she lifted the bucket, it slipped and cracked the pot." "Then" zimeondoka zenyewe. "It" nayo imepata mwenyewe, kwa sababu inapotokea, mtungi bado haujatajwa.