Uhuru wa Kuchagua Masomo

Apitaye katika Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, huona milango iliyochongwa kwa ustadi mkubwa. Mgeni husimama akaistaajabia; lakini mwenye nyumba ajua kwamba mlango mzuri hauongezi chumba hata kimoja ndani. Mfano huu wafaa kukumbukwa na kila kijana asikiaye sifa za shule ya sekondari ya Marekani, na hasa kijana wa Kenya, ambaye nchi yake ilianza mwezi wa Januari 2026 kujaribu jambo linalofanana nayo.

Kwanza tuieleze shule yenyewe, maana kuhukumu jambo lisilojulikana ni dhuluma. Kwa kawaida mtoto wa Marekani huingia sekondari ya juu akiwa na umri wa miaka 14 hivi, akasoma miaka 4, tangu darasa la 9 hata la 12. Haingii kwa kushinda mtihani. Shule ya mtaa wake humpokea, awe mwepesi au mzito wa kufahamu. Wala hakuna mtihani mmoja wa taifa zima unaomngoja mwishoni. Kila somo alilolimaliza na kufaulu huhesabiwa, na hesabu hiyo ikifikia kiasi kilichowekwa na jimbo au wilaya yake, hupewa cheti. Yako masomo ya lazima, kama Kiingereza, hisabati, sayansi na historia. Na yako ya hiari, kama muziki, uchoraji, useremala, ufundi wa magari au lugha ya kigeni. Alama za kila muhula huandikwa, na wastani wake hutazamwa na vyuo vikuu pamoja na mambo mengine.

Mpango huu una fadhila moja kubwa: humpima mwanafunzi kwa kazi ya siku zake zote. Kenya ilipata nafasi ya kuifuata fadhila hiyo, ikaipita. Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Colin Mackay, msomi wa Kanada, ilipendekeza mpango mpya, na mwaka 1985 mpango huo ulianza: miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu. Hesabu hiyo ni ya Amerika ya Kaskazini. Lakini kipimo kilibaki kile cha Uingereza, yaani mtihani mmoja wa mwisho, ambao tangu mwaka 1989 umeitwa KCSE. Basi kijana aliyesoma vema miaka 4 akaugua wiki moja ya mtihani, wiki ile ndiyo iliyomhukumu.

Asidhani msomaji kuwa kujichagulia elimu ni jambo geni kwetu pwani. Katika darsa za Mji wa Kale, aliyetaka nahau alimwendea mwalimu wa nahau, na aliyetaka fikihi alimtafuta mwenye fikihi. Chuoni nako mwalimu alimsikiliza kila mtoto na ubao wake, na mtoto hakuendelea mbele mpaka alipoyajua ya nyuma. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Tukiisifu Marekani kwa kumtazama mwanafunzi mmoja mmoja, tukumbuke kwamba mkeka huo tulikuwa nao.

Lakini kuna kasoro, na Wamarekani wenyewe wameieleza. James Conant, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, alizichunguza shule za sekondari za nchi yake akatoa taarifa mwaka 1959. Aliutetea mpango wenyewe. Hata hivyo alionya kwamba shule inayohitimisha wanafunzi chini ya 100 kwa mwaka ni ndogo mno kuweza kufundisha masomo ya namna zote zifaazo. Maana ya onyo hilo ni nyepesi kufahamika. Uhuru wa kuchagua hukaa kwa walimu, maabara, karakana na vitabu. Vikikosekana hivyo, orodha ya masomo ni karatasi tu.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Sehemu kubwa ya fedha za shule za Marekani hutokana na kodi ya nyumba na ardhi za wilaya yenyewe. Kwa hiyo mtaa wenye majumba ya thamani huweza kuwa na shule yenye kila kitu, na mtaa wa mafukara huhangaika. Wazazi wa wilaya maskini ya Edgewood, mjini San Antonio katika jimbo la Texas, walilipeleka shauri hili mahakamani. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba tofauti hiyo haikuvunja katiba ya nchi. Hivyo mtoto huambiwa, chagua upendacho. Lakini anwani ya baba yake imekwisha kumchagulia.

Sasa turudi nyumbani. Wanafunzi wa kwanza wa sekondari ya juu ya Kenya waliingia darasa la 10 mwaka 2026, kusoma miaka 3 katika mmoja wa mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Katika kuwapangia shule, mtihani wa darasa la 9 ulipewa uzito wa asilimia 60, na kazi na mitihani ya miaka ya nyuma asilimia 40. Hiyo ni hatua ya haki. Lakini si kila shule yenye mikondo yote mitatu, na penye mkondo kwa jina huenda pasiwe na vyombo vyake.

Mombasa yajua vema maana ya kuchaguliwa kabla ya kuchagua. Zamani za ukoloni Mwafrika, Mwarabu, Mhindi na Mzungu kila mmoja alikuwa na shule zake, na rangi ya mtoto ndiyo iliyompangia njia. Ubaguzi ule umeondoka. Ila mtoto wa Kibokoni mwenye kipaji cha muziki, asipopata ala wala mwalimu, amefungiwa mlango vilevile, na aliyeufunga hata hajulikani.

Wengine watasema tungoje mpaka serikali itajirike. Rai hiyo siikubali. Kisiwa chetu ni kidogo, na udogo huo waweza kuwa neema. Allidina Visram, Tononoka na Star of the Sea zote zimo kisiwani. Tudor ipo taasisi iliyoanza kufundisha mwaka 1951 kwa ajili ya vijana Waislamu, ikageuzwa chuo cha ufundi mwaka 1966, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Karakana moja njema yaweza kutumiwa na shule tatu kwa zamu, na mwalimu mmoja wa muziki aweza kugawa siku zake. Aliloliomba Conant kwa kukuza shule, sisi twaweza kulipata kwa kushirikiana.

Basi, kijana, utakapoletewa orodha ya masomo, isome kwa furaha. Kisha uliza mwalimu wa somo lako ni nani, na chumba chake ki wapi. Ukikosa jibu, usinyamaze.