Sifa za Mlo wa Jioni wa Mtoto Mdogo

Katika kazi zote za nyumbani zisizo na ujira wala sifa, sijui iliyo nzito kuliko ile ya kumlisha mtoto wa mwaka mmoja na nusu baina ya magharibi na saa moja ya usiku, wakati mama ndiyo kwanza anarejea kutoka sokoni, shambani ama darasani, moto haujakolea, na mwenye njaa hana maneno ya kuomba chakula wala subira ya kukingoja. Mtu mzima akikawizwa hunung'unika, kisha hula. Mtoto akikawizwa hulia, kisha hulala, na akilala bila kula, siku ile imekwisha kumpunguzia haki ambayo kesho haina namna ya kuilipa kwa ukamilifu. Ndiyo maana nauhesabu upishi wa haraka wa watoto wadogo kuwa ni sanaa kamili, yenye kanuni zake na mabingwa wake. Na katika mabingwa hao nawatanguliza akina mama wa Kosele.

Kosele ni mji mdogo wa soko katika Rachuonyo, kaunti ya Homa Bay, jirani na Oyugis. Milima ya Gusii haiko mbali nao upande mmoja, na Ziwa Viktoria haliko mbali upande wa pili, na kati ya viwili hivyo ndimo ilimo ghala ya mpishi: ziwani hutoka omena, Gusii hutoka ndizi na maparachichi, na katika mashamba ya Kabondo na Kasipul hutoka viazi vitamu, ambavyo wenyeji huviita rabuon, kwa wingi unaotosha kulisha nyumba zao na masoko ya miji ya mbali. Mpishi wa hapa, basi, aghalabu hakosi kitu cha kupika katika msimu mwema. Akikosacho ni wasaa.

Na siri ya kuupata wasaa, ambayo wapishi wa Kosele wanaijua ingawa hawajapata kuiandika, ni kwamba chakula cha haraka hakipikwi jioni. Jioni hukamilishwa tu. Kazi yake hasa ilifanywa asubuhi, ama juzi, ama Jumamosi iliyopita, na mtu aliyekuwa akiiona jioni ile kabla haijafika. Anayemtazama mama akiandaa bakuli la mtoto kwa dakika chache, akadhani kuwa mapishi yale ni sahali, amezihesabu dakika alizoziona na kuziacha saa ambazo hakuziona.

Chukua kiazi kitamu, ambacho kwangu ndicho imamu wa vyakula hivi. Sufuria moja iliyochemshwa mchana, ikafunikwa vizuri ili mvuke uvilainishe viazi, huwapa wakubwa chakula chao cha saa nane na chai, na viwili vitatu vikabaki kwa makusudi. Usiku ukiingia, mama huvimenya, huviponda kwa mwiko, hutia maziwa ya moto na kijiko cha samli au cha njugu zilizosagwa, na mtoto anakula kabla maji ya ugali wa wakubwa hayajachemka. Mafuta yale si anasa. Kiazi chenye nyama ya rangi ya machungwa kina asili ya vitamini A, na mwili hauipokei vyema vitamini hiyo pasipo mafuta. Kwa hiyo kijiko kile cha samli, ambacho mabibi walikitia kwa ajili ya ladha, elimu ya leo inakithibitisha kwa hoja yake yenyewe. Viazi vya rangi hiyo vimepata heshima hata ughaibuni: mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani, itolewayo Marekani, ilikwenda kwa wataalamu wanne, na watatu miongoni mwao, Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga wa Uganda, waliipata kwa kazi yao ya kuvistawisha na kuvieneza barani Afrika. Sina kinyongo na tuzo hiyo. Nasema tu kwamba mwanamke aliyekiponda kiazi hicho kila usiku mpaka mtoto akafika umri wa kwenda shule naye ana sehemu yake katika heshima ile.

Omena nao wanataka maelezo, kwa sababu wengi huwaogopa kwa ajili ya watoto, wakihofia miiba na mchanga. Samaki hawa wadogo huvuliwa usiku wa giza, wakivutwa na nuru ya taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za betri, kisha huanikwa juani. Mpishi mwenye busara huwachambua siku ya mapumziko, akawaosha kwa maji moto mara kadhaa hata mchanga uishe, akawakausha tena, akawakaanga bila mafuta katika sufuria kavu, akawatwanga kinuni na kuwachekecha mpaka wakawa unga laini. Unga huo hukaa katika kopo lenye kifuniko, mahali pakavu. Kijiko kimoja ndani ya uji au juu ya kiazi kilichopondwa ni kitoweo kamili, na kwa kuwa samaki ametwangwa pamoja na mifupa yake, mtoto hupata na chokaa ya kujengea mifupa ya kwake. Harufu yake, nakiri, ni kali. Lakini mtoto aliyeizoea tangu mdogo haioni kuwa ni kero.

Kisha kuna uji, chakula kilichotukuzwa na kudhulumiwa kwa pamoja. Umetukuzwa kwa kuwa kila nyumba unapikwa. Umedhulumiwa kwa kuwa wengi huupika mwepesi kama maji, wakalijaza tumbo dogo kwa kitu kisichokuwa na chakula ndani yake. Dawa ya jambo hili ni ya kale, nayo ni kimea: wimbi au mtama hulowekwa, huachwa uchipue, hukaushwa na kusagwa. Ukisonga uji mzito wa unga mwingi, ukatia kijiko cha kimea ungali moto, ukaurudisha jikoni uchemke tena, uzito ule hulegea na uji ukanyweka, ilhali unga wote umo. Wataalamu wa lishe wa Tanzania waliusambaza ujuzi huu katika miaka ya 1980, na wanaume wa Rachuonyo hawana haja ya kufundishwa kimea ni nini, kwani wanakifahamu sana kwa kazi yake katika busaa. Laiti sehemu ya kumi ya kimea hicho ingeelekezwa kwenye kikombe cha mtoto!

Mboga nitazipitia kwa haraka. Apoth, yaani mlenda, huteleza, na kwa kuteleza kwake huuteremsha ugali katika koo changa bila vita. Osuga, yaani mnavu, huchemshwa mapema ukalazwa na maziwa, uchungu ukapungua. Yai la kuchemsha na parachichi la kuponda havihitaji hata kutajwa, ila kwa yule aliyesahau kwamba parachichi halina haja ya moto.

Liko jambo moja ambalo sistahimili kulinyamazia, nalo ni chai na kipande cha mkate mweupe vinavyopewa watoto kwa jina la chakula cha usiku. Najua vinatoka wapi: vinatoka katika uchovu, na uchovu si dhambi. Lakini chai huuzuia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika chakula, na mkate ule una machache ya kutoa. Kiazi kilichobaki mchana ni chepesi kuandaa kuliko chai yenyewe. Tena mpishi achunge mawili: njugu zisitolewe nzima kwa mtoto mdogo, maana humpalia; na sehemu ya mtoto iondolewe chunguni kabla ya chumvi nyingi na pilipili, ili chungu kimoja kilishe nyumba nzima na mama asipike mara mbili.

Zamani mzigo huu ulikuwa na wabebaji wengi. Katika boma la Waluo nyanya alikuwa na nyumba yake, siwindhe, ambamo wajukuu walikusanyika jioni kwa hadithi na mafunzo, na mama aliyechelewa alijua kwamba jicho la mtu mzima lipo juu ya watoto wake. Leo nyanya huyo aghalabu yuko mbali, mama amepanga chumba nyuma ya maduka, na mikono iliyobaki ni miwili. Kwa insafu, hapo ndipo mume anapopaswa kuingia. Na kwa kuwa sanaa hii, kama nilivyosema, hufanywa mapema, hawezi kudai kwamba jioni hukawia kazini. Wewe baba usomaye haya, Jumamosi hii chukua ungo, ukae kivulini, uwachambue omena wa wiki nzima.