Wavu wa Herufi na Mizani ya Maana

Katika kazi ya kuunda istilahi, swali la namna ya kuyakusanya maneno ya Kiingereza hutangulia swali la namna ya kuyapatia visawe. Hata hivyo, swali hilo la kwanza mara nyingi hupitwa bila kujadiliwa, kana kwamba hakuna orodha nyingine ila ile ya abjadi, kutoka A hadi Z. Katika makala haya tunakusudia kuipima njia nyingine, yaani kuyatafuta maneno ya Kiingereza kwa fungu la herufi lililomo ndani yake, popote lilipo. Tutaonyesha faida yake kwa mwanaistilahi, kisha tutaonyesha mahali inapoweza kumpotosha.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1775 John Walker alitoa mjini London kamusi ya Kiingereza iliyopanga maneno kwa kufuata miisho yake, nayo ikawafaa watafutao vina. Mwaka 1913 gazeti la New York World lilichapa fumbo la maneno la Arthur Wynne, na mchezo wa kujaza herufi zilizokosekana ukaenea duniani. Mwaka 1971 Martin Lehnert alichapisha mjini Leipzig kamusi geuzi ya Kiingereza, ambamo maneno yamepangwa kuanzia herufi ya mwisho kurudi nyuma. Leo kompyuta huifanya kazi hiyo kufumba na kufumbua. Msingi wa juhudi zote hizo ni mmoja: herufi huonekana kwa macho, maana haionekani. Kwa hiyo herufi zaweza kukusanywa hata na chombo kisichoelewa neno lolote. Hapo ndipo penye nguvu ya njia hii, na hapo hapo ndipo penye udhaifu wake.

Tuanze na nguvu. Tuchukue fungu la herufi "meter". Katika orodha ya abjadi, "barometer" limo katika B, "hygrometer" katika H, "speedometer" katika S na "thermometer" katika T. Kamati inayopitia orodha hiyo ukurasa kwa ukurasa yaweza kukutana na la kwanza mwezi huu na la mwisho mwaka ujao, pengine wajumbe wakiwa wamekwisha kubadilika. Kwa Kiswahili mambo ni kinyume: kipimahewa, kipimaunyevu, kipimamwendo na kipimajoto yote yamo katika K. Kiingereza kimeiweka alama ya ukoo mkiani. Sisi tumeiweka kichwani. Basi, afuataye abjadi ya Kiingereza huijenga jamaa ya Kiswahili kipande kipande bila kuiona ikiwa nzima. Si ajabu chombo kimoja akakiita kwa kipima-, cha pili akakitohoa, na cha tatu akakipa maelezo marefu badala ya jina. Anayeumia ni mwanafunzi, maana hukariri majina matatu yasiyojuana mahali ambapo kanuni moja ingemtosha. Wavu wa herufi huyaleta maneno hayo yote mezani kwa siku moja, na kwa faida hiyo peke yake unastahili kutetewa.

Lakini wavu hauchagui samaki. Fungu hilo hilo la "meter" huleta pia "diameter" na "perimeter", ambayo si majina ya vyombo: kwetu ni kipenyo na mzingo. Huleta hata "cemetery", yaani makaburi, ambamo herufi hizo zimekutana kwa sadfa tu. Aidha, tahajia ina uzito wake. Waingereza huandika "thermometer" kwa chombo na "kilometre" kwa kizio cha umbali. Wamarekani huandika yote mawili kwa mwisho mmoja. Kwa hiyo orodha iliyochapwa Marekani huchanganya chombo na kizio, ilhali ile ya Uingereza huvitenga. Tofauti hiyo haikusalimika katika utohozi, kwani mita kwetu ni urefu wa kitambaa, na pia ni chombo kihesabucho maji au umeme.

Tena wavu huu una matundu. "Protractor" na "rain gauge" hayana herufi tuzitafutazo, nayo hayanaswi kamwe. Lakini kwa Kiswahili kipimapembe na kipimamvua ni ndugu wa kipimajoto, wa tumbo moja. Ni dhahiri, basi, kwamba ukoo wa herufi na ukoo wa maana hupakana, wala si kitu kimoja.

Hatari kubwa zaidi imo katika istilahi za tiba. Tukitafuta herufi "itis" tutapata "arthritis", "bronchitis", "hepatitis", "meningitis" na "tonsillitis". Tutapata vilevile "British", ambalo halina ugonjwa wowote. Kiambishi hicho chatoka Kigiriki, na katika tiba ya leo hutaja hali ya kiungo kuvimba, kuuma na kupata joto. Majina yetu, kinyume chake, hayana alama moja inayoyaunganisha yote: baridi yabisi, mkamba, homa ya ini, homa ya uti wa mgongo, mafindofindo. Mpenda kanuni akiyaona hayo katika safu moja atashawishika kuyafuta yote na kusema: uvimbe wa viungo, uvimbe wa ini, na kadhalika hadi mwisho wa orodha.

Hapa hatukubaliani naye. Neno uvimbe katika masikio ya watu hutaja pia donge linaloota mwilini, na wengi hulisikia pamoja na saratani. Mgonjwa akiambiwa kwamba ana uvimbe katika ini, huenda akarudi nyumbani akiwa na hofu ya ugonjwa asionao, au akakata tamaa ya tiba iliyopo. Ulinganifu uliopatikana katika safu ya herufi hauwezi kufidia madhara hayo. Mkamba na mafindofindo ni maneno ambayo watu wameyatumia kuelezea maradhi yao. Yana haki ya kubaki. Anayehitaji kanuni ni mwanafunzi wa udaktari, na aundiwe istilahi ya darasani itakayosimama kando ya jina la watu bila kuling'oa.

Kwa hiyo twapendekeza utaratibu wa hatua tatu. Kwanza, orodha yoyote ya Kiingereza ipangwe mara mbili, kwa mianzo na kwa miisho, kabla kamati haijaanza kazi, na tahajia yake ielezwe kuwa ya nchi gani. Pili, kila fungu lichambuliwe kwa maana: wageni waondolewe, na ndugu walioponyoka watafutwe. Tatu, kabla ya kuunda neno jipya, iulizwe kama watu wanalo lao, na kama jipya halitawatia hofu au kuwapoteza. Hatua ya kwanza yaweza kuachiwa chombo. Ya pili na ya tatu hazina budi kufanywa na watu wanaoijua lugha na wanaowasikiliza waisemao, maana neno huundwa ofisini lakini hupimwa hospitalini, darasani na sokoni.