Jina la Mashemeji
Ewe msomaji, jina zuri ni deni. Mjini Nairobi mna vilabu viwili vya kandanda: AFC Leopards, kilichoanzishwa mwaka 1964 kikiitwa Abaluhya, na Gor Mahia cha mwaka 1968, chenye jina la mganga mashuhuri wa Waluo. Pambano lao huitwa la mashemeji, maana Waluhya na Waluo huoana. Jina hilo lastahili sifa, kwani shemeji hutaniwa, wala hapigwi. Lakini mawe yarushwapo uwanjani, jina hugeuka kejeli. Basi uendapo kutazama, mtanie mwenzio kwa maneno yote uyajuayo; kisha mpe mkono, mshinde msishinde. Ndipo deni litakapolipwa.