Fasili za Tabianchi Mbele ya Mto Tana

Kila sheria hueleza maana ya maneno yake, na wasomaji wengi huyaruka maelezo hayo wakidhani kuwa hayana uzito. Usiwaige, ewe msomaji. Maana ya neno ndiyo inayoamua ni nani aliyemo katika sheria na ni nani aliye nje yake. Katika insha hii tutazipima fasili tatu rasmi za mabadiliko ya tabianchi, na mizani yetu itakuwa Mto Tana na mji wa Garsen. Kwa kuwa fasili isiyoweza kusimama mbele ya watu inaowahusu ni pambo la karatasi.

Kwanza tutenge maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Hali ya hewa ni mvua, jua na upepo wa leo au wa juma hili. Tabianchi ni desturi ya mambo hayo katika nchi kwa miaka mingi, na kwa kawaida wataalamu huipima kwa miaka 30. Mvua moja kubwa, hata ikikata barabara ya Garsen, haitoshi peke yake kuwa ushahidi wa tabianchi iliyobadilika.

Sasa tuzitazame hati zenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992, katika kifungu chake cha kwanza, wasema kuwa mabadiliko ya tabianchi ni yale yatokanayo na kazi za binadamu, kwa njia ya moja kwa moja au ya kuzunguka, zinazogeuza hewa iliyoizunguka dunia, tena yawe ni nyongeza juu ya mageuko ya asili. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, lililoundwa 1988, hulitumia neno hilo kwa upana zaidi: ni badiliko lolote liwezalo kutambuliwa kwa vipimo na kudumu miongo ya miaka, liwe limeletwa na asili au na watu. Sheria ya Kenya ya 2016 imefuata njia ya Mkataba, nayo hutaja wingi wa gesi za joto zitokanazo na kazi za binadamu.

Haya, tuzichukue fasili hizi mpaka mtoni. Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita nchi kavu kwa safari ya kilometa 1,000 hivi, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Katika delta yake, Wapokomo hulima mpunga na ndizi kando ya mto, na Waorma huleta ng'ombe wao malishoni wakati wa kiangazi. Tangu 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila ya kutosheleza, mifugo ikafa. Halafu mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, yakaja mafuriko.

Ni mkono wa nani ulioyaleta hayo? Kundi la wanasayansi liitwalo World Weather Attribution lilitangaza 2023 kwamba ongezeko la joto lililoletwa na binadamu limekuza uwezekano wa ukame wa namna ile angalau mara 100. Lakini mvua za mwisho wa 2023 zilikuja pamoja na El Niño na joto la upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, mambo ambayo asili huyaleta na kuyaondoa, ingawa ujoto wa dunia ulizizidishia nguvu mvua hizo. Na mtoni mna mkono wa tatu. Bwawa la Masinga lilikamilika 1981, na la Kiambere 1988. Mabwawa haya yamepunguza mafuriko ya msimu waliyoyategemea wakulima wa mpunga. Nayo yanapojaa pomoni, maji humwagika kuelekea bondeni. Hii ni kazi ya binadamu bila shaka, walakini haigeuzi hewa ya dunia. Basi kwa fasili ya 1992, si mabadiliko ya tabianchi.

Hapa ndipo sifa na kasoro za kila fasili zinapodhihirika. Sifa ya Mkataba ni kumtaja mtenda. Kama usingemtaja, mataifa yenye viwanda vingi yangejibu kwamba tabianchi imekuwa ikigeuka tangu kale, na mfuko wa hasara na uharibifu, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh 2022, ungekosa msingi wake. Kasoro yake ilielezwa 2005 na Roger Pielke wa Marekani, mtaalamu wa siasa za sayansi: fasili nyembamba hukifanya kinga dhidi ya mafuriko kistahili msaada kwa sehemu ile tu ya madhara iliyoongezwa na binadamu. Hebu fikiri juu ya tuta linalojengwa kuzuia maji Garsen. Ni mhandisi gani awezaye kusema kuwa matofali haya ni ya maji ya asili, na yale ni ya maji ya gesi za viwanda? Nyumba huzama kwa maji yote pamoja.

Fasili ya Jopo huepuka tatizo hilo, kwani huyatazama maji kabla ya kumtafuta mkosaji. Kasoro yake ni kwamba, ikitumiwa barazani badala ya maabara, hakuna anayedaiwa kitu.

Iko hatari nyingine, nayo ni kubwa. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta, katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Uhaba wa maji na malisho ulikuwamo katika ugomvi huo, lakini pia mlikuwamo mashindano ya ardhi na siasa za uchaguzi. Anayeyatia yote hayo katika jina la tabianchi huwasamehe watu waliopaswa kujibu.

Hukumu yangu ni hii. Fasili ya Jopo itumike tunapojenga tuta, daraja na ghala la chakula. Ya Mkataba itumike tunapodai fidia. Ubaya huanza mtu anapohama kimyakimya kutoka maana moja kwenda nyingine ili akwepe deni au lawama. Kwa hiyo, msomaji, utakapolikuta neno hili katika hotuba au gazeti, uliza: limetumiwa kwa maana gani, na ni nani atakayelipa au kusamehewa kwa maana hiyo? Jibu litakuonyesha kama msemaji anawafikiria watu wa Garsen au anajifikiria mwenyewe.