Mchungaji Anavyoaminiwa Timboroa

Kuaminiwa kwa mchungaji Timboroa hakutegemei sana ufasaha wake mimbarini. Mji huu mdogo, ulio kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret katika mwinuko unaopita mita 2,700, umezungukwa na misitu na mashamba ya viazi, na Wakalenjin na Wakikuyu huishi humo wakiuziana maziwa na mazao. Ukanda huu wa Burnt Forest na Timboroa ulipitia mapigano ya kikabila mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Hivyo mchungaji wa huku hupimwa kwa swali lisilosemwa hadharani: mambo yakiharibika, atasimama na nani? Taratibu kadhaa za kanisa, hata zile zinazoonekana za kawaida tu, kazi yake ni kulijibu mapema.

Lugha ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Kanisa lenye waumini mchanganyiko huendesha ibada kwa Kiswahili, na palipo na ibada ya lugha ya mama huwekwa saa yake. Jambo zito zaidi ni matangazo. Tangazo likitolewa kwa lugha ambayo nusu ya watu hawaielewi, uvumi huwa umeshafika getini kabla ya baraka za mwisho.

Halafu kuna pesa, na hapa ndipo wachungaji wengi huponea au huangukia. Penye utaratibu mzuri, mchungaji hagusi sadaka. Ibada ikiisha, wazee wawili au watatu hukaa na mhazini mezani, noti zikapangwa kwa thamani yake, sarafu zikahesabiwa mara mbili, jumla ikaandikwa daftarini kwa tarakimu na kwa maneno, kila mmoja akatia sahihi. Jumapili inayofuata hesabu husomwa mbele ya wote, fungu la kumi peke yake, sadaka ya kawaida peke yake, mchango wa ujenzi peke yake. Wakati wa mavuno, gunia la viazi au kuku aliyeletwa madhabahuni hupigwa mnada palepale nje, na kila mtu husikia bei iliyofikiwa. Mchungaji anayeona utaratibu huu kuwa dharau kwake hajaelewa kuwa unamlinda yeye kwanza: siku pesa zikipotea, jina lake halimo daftarini.

Mamlaka nayo hugawanywa. Katika Africa Inland Church, iliyotokana na misheni iliyoingia Kenya mwaka 1895, kuna mabaraza kuanzia kanisa la mahali hadi ngazi ya taifa. Kwa Wapresbiteri, mzee wa kanisa hukabidhiwa nyumba za eneo lake, akajua nani amelazwa na nani hajaonekana ibadani. Uhamisho wa wachungaji huwaudhi waumini, lakini huzuia kanisa kugeuka mali ya mtu mmoja. Kukosekana kwa wakubwa wa kumhoji kiongozi kuna bei yake, na Kenya iliiona Shakahola mwaka 2023, makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie yalipoanza kufukuliwa.

Yote haya yalijaribiwa Januari 2008. Tarehe 1 kanisa la Kenya Assemblies of God la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Mjini Eldoret kwenyewe, watu wapatao 10,000 walijihifadhi katika uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu kwa Askofu Cornelius Korir. Korir alikuwa Mkalenjin, na wengi wa waliokimbilia kwake walikuwa Wakikuyu. Kuwafungulia lango kulijibu lile swali kwa namna ambayo mahubiri ya miaka mingi yasingeweza. Februari mwaka huohuo Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kuwa viongozi wake walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Ungamo hilo lilichelewa, lakini bila hilo wito wao wa amani usingesikilizwa.

Kilichofanywa na Jimbo Katoliki la Eldoret, jimbo la Korir, baada ya hapo kinastahili kuchambuliwa polepole. Serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani Mei 2008, ikiwa na haraka ya kufunga kambi za waliokimbia makwao. Jimbo lilianzia kwingine. Kwanza watu walizungumzishwa mmoja mmoja, kisha katika vikundi vidogo vya kabila moja, kila upande ukitaja malalamiko yake bila kukatizwa na ule mwingine. Ndipo wachache wa pande zote mbili wakakutanishwa, wakasikia ya wenzao na kupanga ajenda yao wenyewe, kisha wakarudi kuripoti kwa waliowatuma. Makubaliano yalifuatwa na miradi ya pamoja, ili waliopatana wawe na sababu ya kukutana tena. Njia hiyo ilichapishwa mwaka 2009 katika kitabu kidogo, Amani Mashinani. Nguvu yake ilikuwa mpangilio: Jimbo lingeanza na mkutano mkubwa wa hadhara, wazungumzaji wangekuwa wanasiasa na wenye uchungu wangenyamaza. Korir aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki Oktoba 2017.

Tishio la sasa ni mchango wa mwanasiasa. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia ibada ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno huko Butere, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza pesa alizotoa Rais William Ruto kwa parokia moja ya Soweto zirudishwe. Maagizo ya juu ni rahisi kuliko utekelezaji wake kwenye kanisa la mashambani lenye kuta zisizoezekwa na mbunge aliyekuja na bahasha. Kwa makanisa yanayofuata mkondo wa Butere, mbunge anakaribishwa kusali na kutoa sadaka kama muumini mwingine, na maikrofoni hapewi.